Picha za Vyombo vya Habari na Afya ya Akili ya Msichana

Kumfanya msichana kuwa chombo cha matamanio ni kumwonyesha, katika tangazo, video ya muziki, tamthilia au mtandao wa kijamii, kana kwamba thamani yake yote imo katika mvuto wa mwili wake. Ripoti ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani ya mwaka 2007 ilihusisha jambo hili na matatizo ya ulaji, kujidharau na sonona, yaani huzuni nzito inayodumu na kumnyima mtu hamu ya shughuli zake.

Wazazi wengi hukemea mavazi, ilhali madhara makubwa zaidi hupita kwingine. Wanasaikolojia Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts walieleza mwaka 1997 kwamba msichana aliyezoea kuona miili ya wanawake ikikaguliwa huanza kujikagua mwenyewe kwa jicho la mtazamaji, asijiulize tena anajisikiaje bali anaonekanaje. Katika jaribio walilolichapisha na wenzao mwaka 1998, wanafunzi wa chuo waliwekwa mmoja mmoja chumbani mbele ya kioo, baadhi wakiwa wamevaa vazi la kuogelea na wengine sweta, kisha wakapewa mtihani wa hesabu. Wanawake waliovaa vazi la kuogelea walipata alama za chini kuliko wenzao wa sweta, ingawa hapakuwa na mtu aliyewatazama, na kwa wanaume vazi halikuleta tofauti hiyo.

Huko Nadroga, Fiji, ambako mwili ulionawiri ulikuwa dalili ya kutunzwa vyema na jamaa, runinga iliingia mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker hakupata wakati huo msichana hata mmoja wa shule aliyejitapisha ili apungue. Mwaka 1998, kwa kundi jingine la rika lilelile, waliokiri kufanya hivyo walikuwa asilimia 11.3. Runinga haikuwa badiliko pekee visiwani humo, lakini wasichana wenyewe walisema walitamani kufanana na waigizaji.

Nyumbani, dalili huwa ndogo mwanzoni: binti anaruka chakula cha usiku akidai ameshiba, anakwepa michezo, anafuta picha moja baada ya nyingine hadi filta impe uso anaoutaka, au anajipaka mkorogo wa kung'arisha ngozi, unaoweza kuwa na zebaki inayodhuru figo. Kumnyang'anya simu bila mazungumzo humfundisha kuificha. Afadhali kutazama naye na kumuuliza tangazo lile linauza nini na kwa mwili wa nani. Aidha, maneno kama "mbona umenenepa hivyo?" au "umekuwa mweusi siku hizi", yatolewayo na shangazi na majirani pasipo nia mbaya, hufanya kazi ileile ya tangazo, tena kwa sauti anayoiamini zaidi. Binti anayejitapisha, aliyekosa hedhi kwa sababu ya kujinyima chakula, au anayezungumzia kufa apelekwe kituo cha afya mara moja, na mzazi aeleze waziwazi kilichoonekana badala ya kusema tu kwamba mtoto hana hamu ya kula.