Ndege akila, mtoto asile

Ukiacha vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, ambako nyumba zimebanana hata hakuna nafasi ya bustani, ukapita Ngome ya Yesu kuelekea Kizingo, utaona nyumba zilizozungushiwa ua wa miti. Mojawapo ya miti inayopendwa kwa kazi hiyo ni duranta. Huenda unao nyumbani bila kujua jina lake.

Duranta ni kichaka chenye maua madogo ya samawati au zambarau. Maua yakipukutika, hufuata vishada vya matunda ya rangi ya dhahabu, makubwa kama mbaazi, yanayoning'inia kama shanga.

Asili yake si pwani yetu. Huota porini kuanzia Mexico na visiwa vya Karibi hadi Amerika ya Kusini. Uzuri wake ndio uliousambaza duniani. Jina lake ni kumbukumbu ya Castore Durante, daktari wa Kiitalia aliyefariki mwaka 1590, miaka mitatu kabla ya Wareno kuanza kujenga Ngome ya Yesu.

Je, hatari iko wapi? Matunda na majani yake yana saponini, kemikali inayotoa povu kama sabuni. Mtoto akiyala anaweza kuumwa na tumbo, kutapika, kupata homa na kusinzia. Midomo na kope huweza kuvimba, moyo kwenda mbio, na hata degedege kumpata.

Kinachowaponza watoto ni ndege, ambao huyala bila kudhurika. Kumbuka kwamba tumbo la ndege si tumbo la mtu. Tena watoto wetu wamezoea kuchuma vya porini: mtandamboo, kichaka cha kwetu chenye miiba, matunda yake meusi yaliyoiva huliwa. Asipofundishwa, mtoto atajuaje tofauti?

Mtoto akila duranta, fanya hivi:

1. Mtoe mabaki mdomoni na umsukutue kwa maji.
2. Usimlazimishe kutapika.
3. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama bado anacheza.
4. Beba tawi lenye matunda, daktari aone alichokula.

Si lazima uung'oe mti huo. Kata vishada vya maua yanaponyauka, kabla matunda hayajafunga, na uokote yaliyoanguka. Zaidi ya yote, mwonyeshe mtoto tunda lenyewe na kumwambia: hili ni la kutazama tu.