MAJI YENYE UTANDO WA KIJANI: UDHU NA KUNYWA



Ndugu wanafunzi na wazazi, tulipokuwa katika mlango wa tohara mwanafunzi mmoja aliuliza: maji ya ziwa yaliyofanya utando wa kijani yanafaa kwa udhu? Katika madhehebu ya Imamu Shafi yanafaa. Utando huo, kwa Kiarabu tuhlub, umeota humo humo majini, hivyo hauyaondolei maji utohara wake. Akauliza tena: na kuyanywa je? Hapo nililazimika kwenda kusoma.

Kijani kile mara nyingi ni sianobakteria, vijidudu vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Aina iitwayo Microcystis huonekana sana Ziwa Victoria, kwenye Ghuba ya Mwanza na ya Winam huko Kisumu. Baadhi yake hutengeneza sumu iitwayo mikrosistini. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vikubwa vilivyopangana kama wapakuzi wa mashua pale Kibirizi. Cha kwanza hushika asidi amino, hukipa cha pili, nacho huongeza yake, mpaka zitimie saba. Cha mwisho huufunga mnyororo ukawa pete. Jeni 10 zinazosimamia kazi hii zilielezwa na wanasayansi mwaka 2000.

Pete hiyo ndiyo tabu yenyewe. Vimeng'enya vya tumbo letu hukata protini za dagaa na maharage, lakini pete hii huwashinda. Sumu hufika kwenye ini, ikavuruga seli zake mpaka ini livuje damu kwa ndani. Mwaka 1996 mjini Caruaru, Brazil, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walikufa baada ya kusafishwa damu kwa maji yenye sumu hii.

Kuchemsha je? Kunaua vijidudu vya kipindupindu, nasi tulioona ya Kagunga mwaka 2015 tusiache kabisa. Lakini mikrosistini haivunjwi na moto wa sufuria. Seli hupasuka tu na sumu ikamwagika majini.

Tanganyika ina kina cha mita 1,470 na maji yake kwa kawaida ni maangavu, ila sianobakteria wamo pia. Ukiona ufukweni kijani kama rangi ya ukuta iliyomwagika, usichote hapo, wala usiwaache wadogo zako waoge au mbuzi wanywe. Kwa macho huwezi kujua upi una sumu. Hata kwa udhu, kwa kuwa tunasukutua, sogea mpaka penye maji maangavu.