Wadudu Wanapanda Mlima, Udongo Unateremka
Kijitabu cha wakulima wa Lwakhakha na miteremko ya Elgon

Mvua kubwa ikinyesha Cheptais, shuka mtoni Lwakhakha na chupa isiyo na rangi. Chota maji, funga kizibo, iweke dirishani hadi asubuhi. Utakuta maji yametulia juu na tope jekundu limetuama chini. Tope hilo ni shamba la mtu. Usingelichota, lingeingia Mto Malaba, kisha Mpologoma, hadi Ziwa Kyoga kule Uganda. Halipiti kwa afisa wa forodha, na halirudi.

Tumeanza na chupa kwa sababu mtu akitajiwa mabadiliko ya tabianchi huwaza barafu ya nchi za mbali. Sisi tuna mlima. Elgon una kimo cha mita 4,321, na kila ukipanda mita 100 joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi. Kwa hiyo joto la dunia likiongezeka nyuzi moja tu, hali ya hewa ya shamba la chini huhamia kama mita 160 juu zaidi. Chenye mabawa huifuata. Mti hauna haraka hiyo. Husubiri mbegu zake zibebwe na ndege au upepo. Mimea ya lobelia ya kileleni nayo itahamia wapi, na juu yake ni mawingu?

Udongo unajua njia moja tu, ya kuteremka.

Kwenye kahawa

Chuma tunda moja la kahawa ulitazame kitovuni. Ukiona kitundu kidogo cha mviringo, kana kwamba mtu amechoma kwa sindano, lipasue. Ndani yumo ruhuka, mdudu mweusi asiyefika milimita mbili, pamoja na watoto wake wakila buni yako. Chini ya nyuzi 15 hivi hakui. Joto likipanda, huzaa vizazi vingi zaidi kwa mwaka mmoja, na kwenye miteremko ya Kilimanjaro ameshakutwa juu kuliko mahali alipozoeleka. Dawa humfikia kwa shida kwa kuwa amejifungia ndani ya tunda. Kinachomkomesha ni usafi: usiache mbuni ikining'inia mtini baada ya mavuno, na zilizoanguka chini uziokote zote. Tunajua kazi hiyo inachosha mgongo na hailipwi na mtu. Ifanye hata hivyo, kwani tunda moja lililosahaulika ni hoteli ya msimu mzima.

Magonjwa nayo yanapishana njiani. Chulebuni, ambayo wengi hapa huiita CBD, iliripotiwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1922, na ni huku huku karibu na Elgon. Sifa ambayo hatukuiomba. Chulebuni hupenda baridi na unyevu. Kutu ya majani hupenda vuguvugu. Mkulima wa juu aliyeogopa chulebuni peke yake sasa ageuze na jani, atazame kama kuna unga wa rangi ya chungwa upande wa chini. Aina za kahawa za Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, na Batian ya mwaka 2010 hustahimili magonjwa yote mawili. Ruhuka hajali aina. Miti ya kivuli husaidia, maana hupunguza joto la shamba.

Kumbikumbi hawadanganyi, ila hawajui yote

Wazee wetu walipanda walipoona kumbikumbi wakiruka. Walikuwa sahihi: kumbikumbi hutoka ardhi inapolowa. Lakini kumbikumbi anahitaji mvua ya siku moja, na mahindi yanahitaji ya miezi. Siku hizi mvua ya kwanza inaweza kuja, ikawatoa kumbikumbi, kisha jua likawaka wiki mbili na mbegu ikaungua ardhini. Kabla ya kupanda, chimba kwa jembe: unyevu uwe umeshuka zaidi ya shibiri moja. Sikiliza pia utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa. Na chagua mbegu kwa kimo cha shamba lako. H614 inapendwa Kitale, kwenye mita 1,900 hivi, lakini hukaa shambani miezi sita au zaidi. Mkulima wa chini, upande wa Malakisi, anaponunua mbegu kwa kufuata sifa za Kitale anacheza kamari na mvua.

Viwavijeshi vamizi kutoka Amerika walituingilia mwaka 2017. Ukaguzi wao ni wa asubuhi: fungua moyo wa mhindi, utafute kinyesi kama vumbi la mbao lililolowa. Kiwavi akiwa bado mdogo unaweza kumponda kwa vidole.

Udongo uliochacha

Majani ya mahindi machanga yakiwa na kingo za zambarau, usikimbilie kuongeza mbolea ya DAP. Huenda fosforasi imo ila imeshikwa na chuma na aluminiamu kwenye udongo wenye asidi. Mvua nyingi huosha chokaa ya asili, na DAP ya kila mwaka huongeza asidi. Mpelekee afisa wa kilimo wa wadi sampuli ipimwe. Kipimo cha asidi (pH) kikiwa chini ya 5.5, mahindi hutaabika. Chokaa ya kilimo kutoka Koru pamoja na samadi vitakusaidia kuliko gunia jingine la mbolea. Udongo usio na samadi hupigwa na matone ya mvua, ukafunga uso kama sakafu, na maji yakaondoka nao. Chimba mtaro wa fanya juu, ule ambao udongo wake hutupwa upande wa juu, kwa kufuata kontua, na ukingoni panda majani ya nepia. Nepia iliyodumaa na kuwa njano ing'oe, wala usichukue mbegu kwayo.

Kwa wanaoishi kwenye mteremko

Tarehe 1 Machi 2010, upande wa pili wa mlima huu, mlima uliporomoka baada ya mvua nyingi na kukifukia kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, Uganda. Mamia walikufa. Mteremko mkali, udongo wa mfinyanzi uliolowa na miti iliyokatwa: vyote vipo na kwetu. Ukiona ufa mpya juu ya nyumba, miti iliyoanza kuinama, chemchemi iliyozuka mahali pakavu au mlango ulioanza kukwama, usisubiri mvua ikatike. Toka na watoto, uende pasipo na mteremko juu yako, kisha mwarifu mzee wa kijiji na chifu usiku huo huo.