Ghuba ya Berkeley kwa Mtumbwi wa Tanga: Siku Yako ya Kwanza

Mtu akishuka kutoka Tororo au Busia kwenda ziwani mara ya kwanza, hutaka kupanda mtumbwi papo hapo. Asubiri kidogo. Usalama wa siku nzima hutegemea zaidi yale yanayofanywa mtumbwi ukiwa bado umefungwa.

Kwanza, mpaka. Ghuba ya Berkeley, kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Victoria, ina Majanji upande wa Uganda na Sio Port upande wa Kenya. Katikati hakuna ukuta wala bango, na wavuvi wengi wamekamatwa na kunyang'anywa nyavu kwa kuvuka mstari wasiouona. Mkenya anayetaka kuanzia Majanji, au Mganda anayetaka kuanzia Sio Port, apite kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia. Tangu 2014 raia wa nchi hizi mbili huruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kisha mwambie nahodha abaki upande mlioanzia, na jioni mrudi ufuo uleule.

Sasa upepo, ambao ndio moyo wa safari ya tanga. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa, kwa hiyo alfajiri upepo huvuma kutoka bara na kulisukuma tanga kuelekea maji makuu. Jua likipanda, bara huwaka moto na upepo hugeuka: mchana huvuma kutoka ziwani, mawimbi yakiinuka nao. Wavuvi hutoka na upepo wa kwanza, wakarudi na wa pili. Mgeni anayefika saa nane mchana akadai aondoke atapambana na upepo wa mbele na mawimbi kwa pamoja. Lala karibu na ufuo, uamke mapema. Lakini alfajiri nayo ina sharti lake. Pepo za usiku kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa na kuzaa ngurumo, na mabaki yake yanaweza kukukuta asubuhi. Ukiona wingu jeusi linakaribia, au wavuvi wenyewe wamebaki ufuoni, ahirisha, hata kama nauli umeshalipa.

Kagua chombo kabla ya kuingia. Mbao zimezibwa vizuri? Kuna kopo la kuchotea maji, na makasia ya akiba? Jaketi la kuokolea livae na ulifunge kamba ungali nchi kavu. Lililokaliwa kama mto halimsaidii mtu mtumbwi ukipinduka. Abiria wakizidi, shuka. Kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka Septemba 2018 kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, Tanzania, na zaidi ya watu 220 wakafa. Ufuo kuwa karibu si kinga. Mkikaribia nchi kavu, kaeni mlipo hadi nahodha awaambie mshuke mmoja mmoja.

Ukipenda maji tulivu, ingia kwenye mifereji ya mafunjo kuelekea mdomo wa Mto Sio. Ni safari nzuri mno, hasa kwa wapenda ndege. Ila tanga hapo halifai, hivyo likunjwe mtumie upondo. Mafunjo yaliyong'oka huelea na kufunga njia mliyopita, na gugu maji hufanya hivyohivyo. Chukua mwenyeji anayeijua mifereji hiyo, mtoke kabla ya magharibi. Viboko hupanda ukingoni kula usiku, na mtumbwi haupaswi kukaa kati ya kiboko na maji yake.

Usioge wala usitembee kwenye maji mafu yenye majani, maana konokono wa humo hubeba kichocho, na minyoo yake hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Ikiwa ulilowa, kapime wiki sita hadi nane baadaye, hata kama hujisikii mgonjwa. Dawa yake ni prazikwanteli, na mweleze mhudumu wa afya kwamba ulikuwa ziwani.