SOMO: KUPANGA SAFARI NDEFU YA BARABARA



Barabara 66 ya Marekani, toka Chicago mpaka Santa Monica, ilikuwa na kilometa karibu 4000. Mwaka 1985 iliondolewa katika orodha, lakini watu wangali wanaifuata, na wanapanga kwanza siku nyingi. Siye tuko na yetu: Bukavu, Nyangezi, Ngomo, Kamanyola, Luvungi, Sange, Uvira. Ni fupi, lakini inaomba akili ile ile.

1. Jua mlima. Ziwa Kivu liko meta 1460 juu ya bahari, Tanganyika karibu 770. Kule Ngomo kona ni kali, na mvua ikinyesha udongo unateleza.

2. Uliza wenye wametoka kule leo kama njia iko wazi na kama kuna usalama.

3. Gawa feza: nauli, chakula, na ya kulala njiani. Hiyo ya mwisho usiiguse.

Mara moja mimi nilikosa ya kulala, nikapanda kamio ya mizigo usiku. Tulishuka Ngomo breki zikinuka moto. Tulifika, lakini si kwa akili yangu. Someni Luka 14:28.

Ulizo: Gari limejaa kupita kiasi, na wewe umekwisha kulipa. Utafanya nini?