Mtoto wa Mlevi Si Lazima Awe Mlevi

Kijana akionekana amelewa hata mara moja, majirani wana jibu tayari: "Hiyo ni damu ya kwao." Maneno hayo yana ukweli, ila ni ukweli nusu, na yakirudiwa mbele ya mtoto humkatisha tamaa kabla hajaonja tone.

Kinachorithiwa

Mwaka 1973 daktari wa magonjwa ya akili Donald Goodwin na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Denmark. Walichunguza wanaume waliozaliwa na mzazi mlevi lakini wakalelewa na watu wengine tangu wakiwa na wiki chache tu. Hao walipata utegemezi wa pombe takriban mara nne zaidi ya wenzao waliolelewa vivyo hivyo, ila wazazi wao wa kuwazaa hawakuwa walevi. Hawakuuona ulevi wa mzazi wao, na bado hatari iliwafuata. Lakini tazama upande wa pili: katika kundi hilohilo lenye hatari, zaidi ya wanane kati ya kila kumi hawakuwa na utegemezi huo.

Hakuna jeni moja ya ulevi. Zipo nyingi, kila moja na mchango wake mdogo. Nyingine huamua ini linavunja pombe kwa kasi gani, nyingine huamua mtu analewa upesi au polepole. Marc Schuckit wa California aliwafuatilia vijana kwa miaka mingi, akaona kwamba wale ambao pombe haiwashiki upesi ndio waliokuja kuwa walevi kwa wingi zaidi. Basi kijana anayesifiwa kilabuni kwamba "ana kichwa", anamaliza chupa na bado anatembea wima, ndiye wa kuhofiwa. Mwili wake haumpi onyo.

Kinachotoka nyumbani

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walitoa matokeo ya utafiti wa watu wazima zaidi ya 9,500 huko San Diego, Marekani. Waliwauliza kuhusu utoto wao: Ulipigwa? Ulitukanwa? Uliingiliwa kimwili? Mama yako alipigwa? Kulikuwa na mlevi nyumbani? Waliopitia aina nne au zaidi za madhila hayo walikuwa na uwezekano wa kuwa walevi takriban mara saba zaidi kuliko wasiopitia hata moja.

Mfikirie mtoto anayelala na nguo za mchana, akisikiliza hatua za baba mlangoni ajue kama usiku huu atakimbilia kwa bibi. Mwili wake unamwaga homoni za hofu usiku baada ya usiku, na ubongo unaokua ukiwa hivyo hujifunza kukaa macho daima. Akifika miaka 14, glasi mbili zinamtuliza kwa mara ya kwanza maishani. Kwake hiyo si starehe, ni dawa ya maumivu. Na kwa kuwa mara nyingi mzazi yuleyule ndiye aliyempa jeni na ndiye anayemtia hofu, mizigo miwili inamwangukia mtoto mmoja.

Jeni hatuwezi kuzibadilisha. Usiku wa mtoto tunaweza.

Nyumbani kwako

Usimtume mtoto kilabuni na kidumu, wala usimwachie masalio ya glasi "aonje tu". Huko Marekani, walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walipata utegemezi karibu wanne kati ya kumi. Walioanza wakiwa na 20 au zaidi, mmoja kati ya kumi. Kila mwaka wa kuchelewa ni faida.

Kama ukoo wenu una walevi, mwambie mtoto waziwazi, bila kumtukana babu wala baba. Na awe na mtu mzima mmoja asiyeyumba: shangazi, mjomba, mwalimu, mtu ambaye mlango wake unafunguka hata usiku.

Wewe unayekunywa kila siku na kuamka ukitetemeka, usiache ghafla peke yako. Kuacha hivyo kunaweza kuleta degedege na hata kifo. Nenda kituo cha afya, sema ukweli kuhusu kiasi unachokunywa, upunguziwe kwa dawa.

Mtoto akipigwa au akinyanyaswa, Kenya na Tanzania namba ni moja: 116. Kupiga ni bure.