Mbona Saratani Mbili za Tumbo Hazifanani?



Swali la somo hili lilitoka kwa kikundi kimoja cha akina mama. Wanachama wawili walipatikana na saratani ya tumbo katika mwaka mmoja. Mmoja akapewa dawa ambayo mwenzake aliambiwa haimfai. Maneno yakaanza: eti huyu ana mtu wake huko hospitalini. Kikundi karibu kivunjike. Tumeona tujibu kwa urefu kidogo, maana hakuna aliyependelewa.

Tuanze na jambo la kushangaza: kufa kwa seli ni sehemu ya afya. Seli za juu za ukuta wa tumbo huishi siku chache tu, kisha hufa kwa utaratibu na kupisha nyingine. Si kifo cha ajali kama cha ngozi iliyoungua. Seli hujikunja, hujikatakata, na majirani zake huvimeza vile vipande bila kuacha usaha. Mwaka wa 1972, Kerr, Wyllie na Currie walikipa kifo hicho jina la apoptosisi, neno la Kigiriki la majani yanayopukutika.

Sasa, seli ya saratani imekataa kupukutika. Ziko protini zinazohusika. p53 ni kama askari wa zamu: akiona urithi wa seli umeharibika, huisimamisha itengenezwe, ama huiamuru ife. Bcl-2 hufanya kinyume, huzuia amri hiyo. Kaspasi ndizo panga zenyewe zinazokata.

Maabara huzionaje? Daktari hupitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi tumboni na kutoa kinyama kidogo. Kinyama hicho hukatwa vyembamba sana na kutiwa dawa inayoshika protini moja tu. Ilipo protini hiyo, rangi ya kahawia hutokea. Lakini angalieni, p53 nzima huvunjwa upesi, haionekani sana. Ile mbovu ndiyo hurundikana. Kwa hivyo kahawia nyingi mara nyingi ni askari wengi wasiofanya kazi! Hata sisi hapo tulichanganyikiwa mwanzoni.

Mwaka wa 1965, Laurén wa Finland aligawa saratani hii katika aina mbili kubwa. Katika ya kwanza, seli hushikana na kufanana na tezi za utumbo. Mara nyingi huja polepole, baada ya miaka mingi ya uvimbe unaoletwa na bakteria Helicobacter pylori. Katika ya pili seli huachana na kupenya ukuta moja moja, pengine bila donge la kuonekana. Hapa mara nyingi kinachokosekana ni E-kadherini, ile gundi ya kushikanisha seli. p53 mbovu na Bcl-2 huonekana zaidi katika aina ya kwanza.

Haya, turudi kwa wale akina mama. Dawa haichaguliwi kwa p53 wala Bcl-2. Hizo bado ni za watafiti zaidi. Hupimwa HER2, protini inayosukuma seli zikue. Tangu 2010 iko dawa, trastuzumab, kwa saratani iliyoenea yenye HER2 nyingi, na hiyo hupatikana zaidi katika aina ya kwanza. Asiye nayo akipewa, atatumia pesa nyingi na kuhatarisha moyo wake bure.

Kwa hivyo karatasi ya maabara isitupwe, na mgonjwa asiogope kuuliza: Yangu ni aina gani? HER2 imepimwa?

Tena, wengi wetu hununua dawa za alsa dukani mwaka mzima. Zinaweza kutuliza maumivu huku ugonjwa ukiendelea. Mtu anayeshiba kwa vijiko vichache, anayekonda bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, aende hospitali aangaliwe kwa ule mpira. Mkikutana, jadilianeni: nauli ya mwanachama wa namna hiyo itatoka wapi, na nani atamsindikiza?